Wanatufundisha mashamba ya nani?

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na wakuu wa vitivo vya sheria nchini

YAH: SOMO LA SHERIA YA MALI NA ARDHI KWA MWAKA WA KWANZA

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria katika chuo kimoja cha hapa nchini. Jina la chuo nitalibakiza mfukoni, kwa kuwa bado nina mitihani ya kufanya pale na sapu sizitaki. Nawaandikia juu ya somo moja tu, sheria ya mali, na hasa ya ardhi. Vyuo vingine hulisubirisha hadi mwaka wa pili, sisi tunalianza mapema, wakati hata kusoma hukumu bado tunajifunza. Na nimewaweka wote katika barua moja kwa sababu kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwenzake. Mhadhiri anasema mtaala, mkuu wa idara anasema Tume, na mtu wa serikali anasema vyuo vina uhuru wao.

Nianze na karatasi.

Likizo iliyopita nilikwenda Mkuranga kwa bibi mzaa mama. Usiku wa pili, baada ya kula, akaniita chumbani. Akafungua sanduku la bati, akatoa mfuko wa rambo wa enzi zile kabla ya katazo la mifuko ya plastiki la 2019, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Akanipa na tochi ya simu. "Wewe ndiye unasoma sheria. Nisomee hii, uniambie ni hati au si hati."

Ilikuwa ya mwaka 1987, siku aliponunua shamba na marehemu babu. Mwandiko mzuri, wa mwalimu bila shaka. Muuzaji amemuuzia babu shamba lake lenye urefu wa hatua 140 na upana wa hatua 65. Kaskazini limepakana na mwembe dodo, mashariki njia ya kisimani, kusini mstari wa mnyaa, magharibi bonde. Kisha sentensi moja imebanwa chini, kama mtu aliyekumbuka jambo wino ukiwa tayari unakauka: isipokuwa minazi saba iliyo upande wa kisima, hiyo ni ya mama mkubwa wa muuzaji. Chini yake dole gumba mbili za wino wa bluu, majina ya mashahidi watatu, na mhuri wa kijiji uliofifia hadi kubaki duara tupu.

Sasa kuna mtu wa Dar es Salaam anataka kununua nusu eka, na anautaka upande wa kisima hasa, kwa kuwa ndipo barabara inapopita siku hizi. Wajukuu wa yule mama mkubwa wamesikia, wamekuja. Wanasema ardhi uzeni, minazi ni yetu. Mnunuzi anasema akinunua ardhi amenunua na kilichosimama juu yake. Bibi alitaka kujua mwenye haki ni nani. Vilevile alitaka kujua zile hatua 140 ni hatua za nani, maana muuzaji alikuwa mzee mrefu kama mlingoti, na kijana aliyekuja kupima upya na mnunuzi ana miguu ya kuku.

Waheshimiwa, mimi nilikuwa na madesa, yaani notsi za darasani, ya muhula mzima kichwani, na nilikuwa nimepata B kwenye jaribio la kwanza. Kilichonijia ni methali ya Kilatini isemayo kwamba kila kilichopandwa ardhini ni cha ardhi. Kwa methali hiyo mnunuzi ameshinda na mjadala umekwisha. Lakini karatasi niliyoishika ilisema vingine, na kijiji kizima, kuanzia mtoto anayeokota vifuu, kinajua kuwa minazi ile saba ni ya watu wa pale ng'ambo. Nikasema, "Bibi, ngoja nirudi chuo nikasome."

Bibi akaikunja karatasi yake kwa kufuata mikunjo ileile. "Miezi yote hii," akasema, "wanawafundisha mashamba ya nani?"

Jibu la kweli ni kwamba tunafundishwa shamba linaloitwa Blackacre. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni mahali, nikalitafuta kwenye ramani ya simu. Si mahali. Ni shamba la kubuni ambalo walimu wa sheria wa Uingereza na Marekani wamelitumia kwenye maswali ya mitihani kwa vizazi kadhaa, na linapouzwa, jirani yake ni Whiteacre. Wiki ya kwanza ya somo tulikaa na mbweha aliyewindwa ufukweni huko New York, hukumu ya 1805, tukabishana je, mali ya mwindaji huanza pale mnyama anapokimbizwa au pale anapouawa. Sikatai, ilikuwa raha, vimbweta vilichangamka. Wiki zilizofuata tulikaririshwa milki za Kiingereza cha kale: ile isiyo na kikomo, ile inayoshuka kwa watoto wa kuzaa tu, ile inayokufa na mtu. Tukachora vishale. Tukafika katikati ya muhula hatujagusa hata eka moja ya Tanzania.

Ilipofika zamu ya Tanzania tulipewa wiki tatu, na wiki moja kati ya hizo ilikuwa na sikukuu.

Mtaniambia mizizi ya sheria yetu ni Uingereza, na mti haueleweki bila mizizi. Nakubali, lakini mizizi yenyewe hatuambiwi ilivyopandwa. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Zilikuwepo pia kanuni za mali na uhawilishaji, yaani kuhamisha mali kutoka mtu hadi mtu, zilizoingizwa nchini kwa sharti moja: sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Waingereza wenyewe waliona sheria yao imejaa vumbi, wakaifumua na kuisuka upya mwaka 1925. Sisi tukabaki na ile waliyoitupa, tukaikumbatia mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoifuta, na hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Karibu miaka 80 tulivaa mtumba ambao mwenyewe kwao alishaacha kuuvaa. Jambo hili sikulisikia darasani; nimelikuta mwenyewe nikitafuta kitu kingine. Linafurahisha kuliko mbweha.

Sasa naomba mnisikilize kwenye kifungu kimoja, kwa sababu barua hii yote imesimama juu yake. Kifungu cha 180 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaiambia mahakama itumie nini inapotafsiri sheria hiyo. Kinaanza na Katiba na sheria yenyewe. Kisha kinataja sheria za kimila za Tanzania. Ndipo, baada ya mila, kinataja kiini cha sheria ya Kiingereza na kanuni zake za usawa kama zinavyotumika katika nchi za Jumuiya ya Madola, tena kwa sharti: pale mahakama inapoona vinaendana na mazingira ya Tanzania. Huo ndio mpangilio uliokubaliwa na Bunge. Mila kwanza, Uingereza baadaye, na ikibidi.

Mtaala wetu umeugeuza juu chini. Uingereza kwanza, kwa mapana na marefu, halafu sheria iliyoandikwa kwa haraka, halafu mila kwenye slaidi moja yenye picha ya mzee ameshika mkongojo.

Ninachoomba ni kwamba mpangilio wa somo ufuate mpangilio wa kifungu cha 180. Ndilo ombi langu kubwa, na mengine yote yaliyomo humu ni matawi yake.

Ngoja niwaonyeshe kwa minazi ya bibi jinsi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyoweza kujifunza kufikiri kisheria bila kuvuka bahari. Niliporudi chuo niliichukua tafsiri ya neno ardhi katika Sheria ya Ardhi. Inasema ardhi ni pamoja na uso wa nchi na kilicho chini yake, isipokuwa madini na mafuta, na vitu vinavyoota vyenyewe juu ya ardhi, na majengo na miundo iliyojengwa ya kudumu. Vinavyoota vyenyewe! Nilikisoma kipande hicho mara tano. Mnazi haujioteshi kama mkwaju wa porini. Mnazi unapandwa, kuna mtu alichimba shimo, akaweka mbegu, akamwagia maji. Basi je, minazi saba imo ndani ya neno ardhi, au imeachwa nje? Kama sheria imenyamaza, kifungu cha 180 kinanipeleka wapi? Kinanipeleka kwenye mila. Na mila ya pwani haina kigugumizi hapa: mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili, na wakaishi hivyo hadi wajukuu. Mombasa mpaka leo kuna mitaa ambayo nyumba ni ya mtu na kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi tu. Ile methali ya Kilatini ikifika pwani inavua viatu.

Sisemi jibu langu ndilo sahihi. Wakili mzoefu anaweza kulivunja kwa dakika tatu, na ningependa kumsikia akilivunja. Lakini swali kama hili lina kila kitu ambacho mhadhiri anataka tukitoe kwenye Blackacre: tafsiri ya maneno ya sheria, mgongano wa vyanzo, masharti ndani ya mkataba, haki ya mtu wa tatu. Juu ya yote hayo lina bibi anayesubiri simu.

Pwani peke yake ina somo zima. Kuna rehani ya minazi, ambapo mkopeshaji huangua nazi mpaka deni liishe. Kuna bei khiyari ya Unguja na Mombasa, mtu anauza kwa sharti la kurudishiwa mali yake akirejesha fedha, mbinu iliyobuniwa ili kuikwepa riba. Kuna wakfu. Ukienda Kilimanjaro kuna kihamba, shamba la ukoo, na masale, mimea iliyopandwa mpakani, ambayo Mchaga haing'oi kirahisi. Bukoba kuna kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na kulikuwa na nyarubanja, mfumo wa mabwana na watwana ambao sheria iliuzika miaka ya 1960. Zanzibar ardhi si jambo la Muungano, wana sheria yao ya 1992, na kabla yake kulikuwa na eka tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akiwa hajawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu hayo, huku akiweza kukueleza milki ya Kiingereza isiyokuwepo tena hata Uingereza.

Na mila isifundishwe kama kitu kitakatifu. Hapo nataka nieleweke. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Holaria alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kusema mila ya Wahaya hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Jaji akasema mila inayombana mwanamke namna hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba, na mauzo yakabaki. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaweka wazi katika kifungu cha 20 kwamba kanuni ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hilo nalo ni darasa: mila inapimwa na inapaliliwa. Shauri hili tulilipewa kama mstari mmoja, jina na mwaka, tukakariri jina na mwaka.

Shauri la Lohay Akonaay lilipata bahati zaidi. Lilipata dakika kumi. Ni baba na mwanawe wa huko Mbulumbulu, Karatu ya leo, mkoa wa Arusha, walionyang'anywa shamba wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini. Wakashtaki, wakashinda mwaka 1987, wakarudi kwenye ardhi yao. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila za watu kama wao katika vijiji vilivyoanzishwa, na kuwafungia mlango wa mahakama. Wakaenda tena. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikasema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Tena fidia si ya nyumba na miti tu, kwa kuwa hata jasho lililomwagwa kwenye ardhi tupu lina thamani. Vifungu kadhaa vya ile sheria vikaanguka.

Niliisoma hukumu yote usiku mmoja kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu zinapatikana bure, Mungu awabariki waliobuni jambo lile, maana bumu, fedha ya mkopo wa wanafunzi, halinunui vitabu vya sheria. Nilipofika mwisho nilielewa kuwa bibi alikuwa ameniuliza swali lililokwisha kujibiwa kabla sijazaliwa. Karatasi yake si hatimiliki. Haina namba, haina ramani, haijapita kwa msajili. Lakini haki iliyo nyuma ya karatasi ile ni mali kamili, na karatasi, dole gumba na mwembe dodo ni ushahidi wake. Ningeweza kumwambia usiku uleule. Nilichokuwa nacho kichwani ni mbweha.

Niingie kwenye lugha, ambako najua baadhi yenu mtakunja uso.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza, Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapokihitaji. Februari mwaka huohuo Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Mahakama Kuu Musoma, kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Sisi tulioingia chuo baada ya hapo tulitegemea kukuta mabadiliko. Tumekuta mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza, anayetania kwa Kiswahili, na ambaye anapotaka tuelewe jambo kwelikweli hufunga slaidi na kusema "sikilizeni, iko hivi." Yale anayoyasema baada ya "iko hivi" ndiyo somo. Lakini mtihani unatungwa kutoka kwenye slaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kukaa siku moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya fulani. Hakuna aliyenituma, nilijilipia nauli. Nilikaa benchi la nyuma nikidhani huku sasa, kwa Kiswahili, nitateleza kama mafuta. Nilipotea ndani ya robo saa. Wadaawa, pingamizi la awali, kiapo kinzani, amri ya zuio, mjibu rufaa. Kila kimoja nilikijua kwa jina lake la Kiingereza tu. Mama mmoja wa makamo, mdai, aliyefunga kanga mbili na kushika bahasha kama ya bibi, alikuwa akiyatamka maneno yale bila kusita, maana ameyaishi kwa miaka minne. Mimi msomi nikawa ninamwangalia mdomo.

Palepale nikaona kitu ambacho hakiko kwenye madesa yoyote. Mshauri wa baraza, mzee wa miwani, aliyekaa kimya asubuhi nzima, aliuliza swali moja: "Huo mwembe unaosema ni mpaka, bado upo?" Mama akajibu, "Uling'oka mwaka wa El Nino, lakini kisiki kipo." Mwenyekiti akaandika. Wakili wa upande wa pili akaacha kuchezea kalamu. Kesi ilihamia kwenye kisiki. Baadaye nimesoma kuwa Mahakama ya Rufani imefuta mashauri ya mabaraza kwa sababu maoni ya washauri kama yule hayakusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu, na watu wakaanza upya baada ya miaka ya kuhangaika. Nilipokuwa sijamwona yule mzee, kanuni hiyo ningeiona ni usumbufu wa karatasi.

Wengi wataniambia Kiswahili hakijakomaa kwa sheria ya mali. Nawaomba wamsikilize bibi yangu kwa siku moja. Shamba hili nalimiliki. Lile la mjomba wako nalishika tu, mwenyewe yuko Tanga. Pale chini nimeazimwa nipande mihogo, ruhusa ya mazao ya muda, si miti. Kile kibanda nimempangisha fundi. Njia ile haina mwenyewe, kila mtu anapita kwenda kisimani. Ndani ya pumzi moja ametenganisha umiliki, uangalizi, ruhusa, upangaji na haki ya njia, vitu tulivyovihangaikia wiki sita. Na lile sharti la kutopanda miti ni akili tupu: kila mtu pwani anajua mgeni ukimruhusu apande mnazi, kesho ana neno. Mahakama zetu nazo husema mwalikwa hawi mwenyeji hata akikaa miaka mingapi, na mtaani bado wanaambiana ukikaa miaka 12 pamekuwa pako.

Kasoro iliyopo ni kwamba istilahi za vitabuni zimezagaa. Haki anayopewa mtu na serikali kwenye ardhi, huyu anaiita hakimiliki, yule haki ya kukalia, mwingine milki. Hilo linarekebishika kwa watu wachache kukaa mezani, wanasheria, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na washauri wawili watatu wa mabaraza, na kutoka na orodha moja itakayotumika chuoni, wizarani na mahakamani. Nakala ya Kiswahili ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ninayotumia ni kivuli cha kivuli cha nakala ya rafiki, imeruka kurasa nne na kifungu cha 30 kimekatwa pembeni. Ndicho kifungu kinachohusu kuhamisha haki ya kimila na kibali cha halmashauri ya kijiji. Nchini kote watu wanadhani mhuri wa mwenyekiti peke yake unatosha, wanatoa asilimia kumi ya bei wanayoambiwa watoe, wanarudi nyumbani wameridhika. Laiti kila mwanafunzi wa sheria angekuwa na kijitabu safi cha Sheria ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, tungekuwa tumewaambia mama zetu.

Sitaki Kiingereza kifutwe. Hukumu za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza, Lohay Akonaay yenyewe nimeisoma kwa Kiingereza, na atakayetaka kufanya kazi Nairobi au Kampala atakihitaji. Nakumbuka pia matokeo ya mwaka 2022 ya Shule ya Sheria, wanakonolewa mawakili, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, na jinsi watu wengi walivyokinyooshea kidole Kiingereza chetu. Huenda ni kweli. Ila mimi naona mtu aliyeshika kwanza nini maana ya haki juu ya ardhi, kwa lugha anayogombania mpaka na jirani yake, atakifuata Kiingereza cha sheria akijua anatafuta nini ndani yake. Sisi tunaanza na ganda.

Kwa hiyo naomba somo lianze Mkuranga, Karatu na Bukoba, ndipo lisafiri. Blackacre libaki, lipewe wiki zake tatu, hata ile yenye sikukuu. Mtihani uruhusu kujibu kwa Kiswahili, angalau katika somo hili, kwa kuwa ndiyo lugha ya baraza. Na kila mwanafunzi apangiwe siku za kukaa barazani kabla hajaingia mwaka wa pili, kwa barua rasmi ya chuo, si kwa kujipenyeza kama mimi. Karani aliniuliza mara mbili kama ni ndugu wa mdaiwa.

Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilizunguka nchi kusikiliza wananchi juu ya ardhi, na sehemu kubwa ya sheria tunazosoma leo ilizaliwa kwenye mabishano yaliyofuata ripoti yake. Wale wazee na kina mama waliosimama mikutanoni hawakuleta Kilatini. Walileta mwembe, korongo, kisiki na jina la babu.

Jana usiku bibi amepiga simu. Mnunuzi amerudi, safari hii na mpima wa kukodi mwenye utepe, na karatasi iliyopigwa chapa ambayo haina ile sentensi ya minazi. Nimemwambia asitie dole gumba popote mpaka nifike. Mtihani wa sheria ya mali ni Jumatatu asubuhi. Nikitoka tu ukumbini nakwenda Mbagala Rangi Tatu kupanda gari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Shahada ya Sheria